Maneno ya Siyat, Sauti ya Bishar

Ipo siku moja kisimani Elwak ambayo hainitoki, mwanangu, na leo mimi mjomba wako nimekuita unywe chai nikusimulie. Weka simu chini kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka Garissa likizo ya shule kwenda kwa akina Siyat, rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja. Kwao ni Elwak, na kwao mgeni akishalala siku moja hupewa kazi. Kulipokucha nilishushwa kisimani. Visima vile ni virefu; wanaume husimama ndani yake wamepangana, mmoja juu ya mwenzake, na ndoo za ngozi hupita mikononi kutoka chini mpaka horini. Kazi ile haifanywi kimya. Wimbo ndio unaoongoza mikono, na asiyeshika mdundo humwagia mwenzake maji kichwani. Mimi nilimmwagia Siyat asubuhi nzima, naye hakununa.

Wimbo mmoja ulipokwisha, nikaona ni zamu yangu kujionyesha. Nikapaza sauti nikatoa beti mbili tatu nilizozisikia kwa Siyat tukiwa njiani. Sauti ninayo, hilo hata adui zangu hawalikatai. Wanaume wakaitikia, hata ngamia wakainua vichwa. Mara ndoo zikaacha kupita. Babu yake Siyat, tuliyemwita Awoowe, aliyekuwa ameketi kando ya hori, alikuwa ameinua mkono.

"Maneno haya ni ya nani?"

"Ni maneno tu, Awoowe."

"Hakuna maneno tu." Akanionyesha kwa fimbo ngamia aliyekuwa akinywa, pajani ana alama ya chuma cha moto. "Huyu akipotea leo akafika Griftu, watu watamnywesha, watatazama alama, kisha watanitumia habari. Asiye na alama akipotea huliwa. Na maneno ni hivyo hivyo. Kabla hujayatia mdomoni, sema aliyatunga nani, mwana wa nani, na alikuwa wapi. Usipotaja, wewe si mwimbaji. Wewe ni mwizi wa mifugo."

Ngamia wanasubiri, nami masikio yanawaka kwa aibu. Nikaanza upya: "Haya ni maneno ya Siyat, mwana wa Gabow, aliyatunga juu ya lori la mbuzi, njia ya Wajir, akiwa na kiu." Hapo ndipo Awoowe aliposhusha mkono na maji yakaanza kupita tena. Hiyo ndiyo adabu ya kwetu, na ni ya tangu kabla ya karatasi. Mtu wa mjini akiisikia atasema ni mambo ya wachunga ngamia. Nami baadaye nikawa mtu wa mjini.

Sasa nikwambie tulivyokuwa, maana wewe umezaliwa ukanikuta na ndevu za hina, nauza tochi na betri sokoni, ukadhani nilizaliwa hivyo. Tulipomaliza shule, vijana wote wa Garissa walikuwa wamepagawa na kuchana mashairi kama vijana wa Nairobi, nao wa Nairobi wakiiga wa ng'ambo. Kofia tulivaa nyuma mbele. Tuliimba juu ya magorofa, na bula yetu, yaani mtaa wetu, haikuwa na hata moja. Ni Siyat aliyechoka kwanza. Siku moja akaniuliza, "Walaal, ndugu yangu, kwa nini tunaimba njaa ya watu wengine? Si sisi tuna ya kwetu?"

Basi akaanza kutunga kwa Kiswahili kwa kanuni ya washairi wa Kisomali, sauti moja ya herufi ikibebwa kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho. Hakushika kalamu. Alitunga akitembea, akirudi kwetu ananiambia, nami naandika kwenye daftari langu nisije nikasahau. Mdundo hatukuuazima kokote. Tulichukua koor, ile kengele ya mbao ya shingoni mwa ngamia, na chombo cha maziwa ambacho shangazi yake alikuwa akikitikisa kutoa siagi. Ko, ko, chwa. Ko, ko, chwa. Juu yake tukaweka wimbo wa kisimani, ule wa kupitisha ndoo.

Alikuwepo fundi mmoja, Mutua, Mkamba aliyekuwa akirekodi kaseti za harusi nyuma ya duka la nguo. Kuta za chumba chake alizipigilia mablanketi, na feni ilizimwa tukirekodi kwa sababu ilinguruma. Tulitoka jasho, mwanangu, joto la Garissa unalijua. Mutua alisikiliza, akavua vipokea sauti masikioni, akatutazama.

"Hii kitu mmetoa wapi?"

"Kisimani," Siyat akasema.

"Sema tena pale kwa 'piga kengele'."

"Biga kengele," Siyat akasema, kama Wasomali wengi wanavyoigeuza p kuwa b.

Mutua akacheka mpaka akashika meza. "Acha hivyo hivyo. Usirekebishe."

Tukajiita Koor. Siyat alitunga na kupiga kengele, mimi nikaimba, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya chini na yangu ilitosha kunyamazisha mnada wa ng'ombe. Na kila wimbo ulianza namna moja. Kabla ya mdundo, nilisema: "Maneno ya Siyat, sauti ya Bishar." Kisha kengele. Awoowe alipousikia wimbo wa kwanza inasemekana alitikisa kichwa mara moja, na kwa mzee yule hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Wimbo uliotutoa ulikuwa ule wa kisima. Mstari wake hata wewe umewahi kuusikia:

Kisima ni cha Karimu, kamba ni ya kuazima,
kiu ndiyo kitu changu, kaka, hii sikopeshi.

Madereva wa mabasi ya Mandera waliupiga mpaka kaseti zikakatika. Griftu, siku ya mnada, walitupandisha juu ya lori la mbuzi tukaimba kati ya mbuzi wenyewe, na wachungaji wanaosema Kioromo, wasiojua Kisomali chetu, wakarudisha ule mstari kwa Kiswahili chao. Bibi yako, mama yangu, alisema hata shetani ana sauti nzuri, na akanikataza kuimba nyumbani. Baadaye tuliikuta kaseti yetu chini ya godoro lake. Nilikuwa na furaha siku zile, sitakuficha. Kidole kimoja hakioshi uso, husema Wasomali, na sisi tulikuwa viwili.

Lakini ulikuwepo mdudu ndani yangu, naye nilimlisha mwenyewe. Watu walikuwa wakija kwangu kunisifia sauti, kisha wanaondoka kwenda kukaa na Siyat. Wazee wa ukoo walimwomba shairi la harusi. Wasichana walinitazama mimi, lakini barua walitaka aziandike yeye. Nikaanza kuona kwamba mimi ni mdomo tu, wa kukodishwa. Sikumwambia mtu. Ningemwambia Siyat mwenyewe angecheka, na labda yangeishia hapo.

Halafu tukaitwa Nairobi, kwenye kipindi cha alasiri cha redio moja kubwa inayoshikwa mpaka Mandera. Wiki hiyo hiyo Siyat akapata habari kwamba ukame umezidi, baba yake anaumwa mguu, na ngamia wanahitaji mikono kisimani. Alinisindikiza mpaka kituo cha basi, kisha yeye akapanda la kaskazini.

"Nenda wewe, walaal. Mimi nitakusikiliza kutoka kisimani. Ila, tafadhali, taja jina la Elwak. Awoowe anataka kusikia kisima chake kwenye redio kabla hajafa."

Nikamwapia. Wallahi nilimwapia.

Pale redioni nilikutana na kijana mmoja wa mitambo, kofia yake nzuri kuliko yangu. Akausikiliza mwanzo wa wimbo, akasimamisha. "Hiyo mambo ya maneno ya nani sijui, sauti ya nani, tukate, buda. Ni refu. Watu watahama stesheni." Nikaitazama saa ya ukutani kama mtu anayefikiri. Sikuwa nafikiri kitu. Nikasema, "Kata."

Tulipoingia hewani wimbo ukapigwa bila lile neno la kwanza, uchi. Mtangazaji alikuwa mchangamfu, anacheka kila anapovuta pumzi. "Bishar wa Garissa! Hizi mistari ni moto, bro! Unaandikanga wewe mwenyewe ama kuna mtu?"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Jina la Siyat lilikuwa pale, silabi mbili. Nikasema, "Mimi mwenyewe." Na jina la Elwak sikulitaja, kwa maana ningelitaja ningelazimika kueleza ni kisima cha nani.

Yaliyotokea upande wa pili niliyasikia baada ya miezi, kutoka kwa binamu yake Siyat aliyekuja Garissa kuuza mbuzi. Siku ile kisimani walikuwa wamesimamisha kazi, jambo ambalo haliwi wakati wa ukame. Redio waliitundika kwenye mti karibu na hori. Wanaume walipanda kutoka shimoni, wamelowa, wakaketi. Awoowe aliketi mbele. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sukari tu, kwa hiyo mjukuu wake alikaa karibu naye kumfasiria. Niliposema lile neno langu, mzee aliwaona watu wameinamisha nyuso, akauliza, "Amesema nini?"

Ni Siyat aliyelazimika kumfasiria. Angeweza kudanganya, mzee asingejua. Akasema, "Amesema ni yake, Awoowe."

Mzee akasema, "Rudini kazini." Siyat akashuka kisimani wa kwanza. Binamu yake aliniambia yote haya bila ukali, akanywa soda yangu, akaniaga.

Utaniuliza kwa nini sikurekebisha. Ningeweza. Simu zilikuwepo, basi la Elwak lilikuwepo. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Na wakati huo huo watu walikuwa wananiita huku na kule, jina langu liko juu ya mabango, nami nina lile daftari, beti zake zote kwa mwandiko wangu. Nikarekodi moja baada ya nyingine mpaka jalada la mwisho. Na pale alipotamka "biga", mimi nilitamka "piga", safi, kama msoma habari. Nyimbo zikawa nzuri na zikawa zimekufa, na nadhani nilikuwa wa kwanza kuona.

Daftari likaisha. Nikaandika za kwangu. Jino la pembe si dawa ya pengo, lakini mwenye pengo huwa haambiliki. Usiku na mchana nilitafuta maneno yanayoanza na herufi moja kama mtoto anayecheza mchezo wa darasani. Nilipoziimba hapa Garissa, ukumbini, watu walikaa kimya kwa adabu, mpaka mama mmoja muuza maziwa ya ngamia akasimama nyuma kabisa, akapiga ukelele: "Warya! Lete yule mwenye maneno!" Ukumbi mzima ukacheka. Nikamaliza wimbo wangu, nikashuka jukwaani, sikupanda tena.

Majuto ni mjukuu, na mimi yalinijia kweli na umri wa wajukuu. Miaka ishirini na kitu ilipita. Nikaoa, nikafungua duka, ndevu zikageuka. Miaka mitatu iliyopita nikapanda basi, nikaenda Elwak. Awoowe alikuwa amekwisha kufa zamani. Kisima chake niliambiwa hakijawahi kutajwa kwenye redio yoyote.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa, nami nisingeinua mkono. Siyat alitoka nyumbani kwake akanipokea kwa mikono miwili. Akachinja mbuzi. Akanitandikia mkeka mpya, akanipa maziwa kwenye chombo kilichofukizwa moshi vizuri, mimi kabla ya wazee wote. Akaniuliza habari za barabara, za mvua, za bei ya mifugo Garissa. Na kila aliponiita, aliniita "mgeni".

"Karibu, mgeni. Ongeza maziwa, mgeni."

Nikamwambia, "Siyat, nimekuja kwa ajili ya lile neno."

"Neno gani? Kula kwanza, nyama inapoa."

Nikasema tena. Akageuka kumwita mtu alete maji ya kunawa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Hasira ingekuwa mlango, ningeupiga bega. Alikuwa amenifungia nje kwa ukarimu, na ukarimu mtu huwezi kuugombania.

Maji yaliletwa na binti yake mkubwa, Hani, mwalimu wa chekechea pale mjini. Aliposikia jina langu alishika mdomo, akaniita ami kwa lugha yetu, kisha akamgeukia baba yake. "Adeer Bishar? Bishar wa Koor? Aabo, mbona hukuniambia unamjua?" Akaniambia watoto wa darasa lake wote wanaujua wimbo wa kisima, anawafundishia herufi. "Na sianzi kabla sijawaambia, Adeer. Nawaambia haya ni maneno ya Bishar wa Garissa, kama redio isemavyo, ndipo tuimbe. Ndivyo tulivyofundishwa, wimbo lazima utaje mwenyewe."

Nilimtazama Siyat. Alikuwa ananawa mikono, polepole, kidole kwa kidole.

Nikasema: "Hani, si maneno yangu. Ni ya baba yako. Yote ni ya baba yako."

Akacheka, mwanangu. Alicheka vizuri, kwa heshima, kama mtu anayecheka utani wa mgeni. "Aabo? Adeer, Aabo hata ngamia hawaimbii. Watu wote pale kisimani wanaimba, yeye peke yake ananywesha kimya. Ngamia wetu wamezoea."

Siyat akafuta mikono. "Usimchanganye mtoto, mgeni," akasema. "Kunywa chai."

Nilikunywa. Kesho yake nilikwenda kisimani kabla ya basi, nikasimama mbali. Wakati wa zamu ya akina Siyat, wimbo wa waliotangulia ukakoma, na sikusikia kitu isipokuwa maji na kengele za mbao. Siyat alimnywesha ngamia wa mwisho, hakuimba. Nikarudi Garissa.

Sasa turudi kwako. Jana ulinionyesha ule wimbo wenu, wewe na Noor, na wallahi ni mzuri, ulinitia baridi. Nikakuuliza mbona limeandikwa jina lako peke yake, na wewe mwenyewe uliniambia Noor ndiye anayetunga. Ukajibu: "Abti, jina lake halikutoshea, video ni fupi, na Noor hajali." Sikukujibu jana kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa yako.

Noor anajali. Siyat pia alionekana hajali. Watu wenye maneno mengi kwa watu wengine huwa hawana hata moja la kujitetea wenyewe, kwa hiyo lazima uwe nalo wewe kwa niaba yao. Ukimtaja mwenzako hupungukiwi na kitu. Mimi nilidhani nitapungukiwa, nikabaki sina mwenza, sina wimbo, na nina sifa ambayo siwezi kuirudisha hata nikiipeleka mlangoni kwa mwenyewe. Na usiniambie utarekebisha baadaye. Ukweli una saa yake. Ukichelewa, hata anayeambiwa kwa nia njema atacheka akidhani ni utani. Nenda kwa Noor leo, kabla ya swala ya alasiri, usipige simu, nenda kwa miguu. Andikeni upya. Jina lake litangulie, na kama halitoshi, kata lako. Na mtangazaji akikuuliza, hata kama anacheka na anakupenda, jibu kwa jina la mtu.

Siyat mwana wa Gabow alitunga kila neno zuri lililowahi kutoka kinywani mwangu, aliyatunga njiani na kisimani Elwak, na mimi Bishar nilikuwa sauti. Nalisema kwako, maana kwake halisikiki tena. Allah akulinde na sifa isiyo yako, mwanangu. Akupe rafiki anayekumwagia maji kichwani na wewe usinune, akubakizie huyo rafiki mpaka ndevu zenu nyote wawili ziwe za hina, na siku utakapokwenda nyumbani kwake, akufokee, akutukane, akutume kazi, asikutandikie kamwe mkeka mpya. Amin. Haya, inuka uende, chai yako nitaimalizia mimi.